Rangi ya Kucha Kwenye Nati

Kaka yangu aliwaambia watu wanane kwamba niliacha bolti ya gari la mkunga bila kuikaza, na kwamba ndiyo sababu mkunga alivunjika mkono. Alisema uongo. Bolti niliikaza. Yeye mwenyewe alilijua hilo wakati anasema, na alisema akiwa amesimama ndani ya gereji ya baba yetu, mahali ambapo nilikuwa nafanya kazi tangu nina miaka tisa.

Naanza na hiyo miaka tisa, maana bila hiyo habari ya rangi ya kucha haieleweki.

Baba alikuwa fundi wa magari, na macho yake yalianza kuzima akiwa bado na nguvu zake. Kwanza alipoteza pembeni, akabaki anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kaka alikuwa darasa la sita na kichwa chake kilikuwa chepesi, kwa hiyo hata haikujadiliwa kwamba yeye ndiye aache shule. Mimi nilikuwa darasa la pili. Asubuhi moja mama alinivua sare, akanivisha gauni kuukuu, akaniambia, "Nenda na baba yako, ukawe macho yake." Sare akapewa binti wa mama mdogo. Ilimtosha vizuri.

Kazi yangu ilikuwa kuingia chini ya gari na kusema ninachokiona.

"Unaona nini?" baba anauliza kutoka juu.

"Kutu."

"Kutu gani? Kutu ni ukoo mzima, mwanangu. Niambie ni nani kati yao."

Nikajifunza ukoo huo. Ipo inayokaa juu tu, ukiisugua kwa brashi ya waya inaondoka. Ipo inayovimba chini ya rangi kama lengelenge. Na ipo ile iliyokula ndani ikaacha ngozi ya nje nzima, hiyo jicho halioni. Baba alikuwa anageuza bisibisi na kugonga kwa mpini wake, pole pole, huku ameinamisha kichwa. Chuma kizima kinajibu "ngo". Kilichooza kinasema "pwa", kama mtu aliyeguswa usingizini. "Jicho linahongwa na rangi," alikuwa anasema. "Sikio halihongeki."

Rangi ya kucha ilikuwa ya mama, kichupa chekundu kilichobaki robo. Baba hakuweza kuona kama nati imekazwa au bado, na hakupenda kuambiwa tu. Ndipo tukazoea hivi: nati ikishakazwa kwa kipimo, nachora mstari mmoja unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma cha pembeni yake. Ikikauka inakuwa na mgongo mdogo, unausikia ukipitisha ukucha wa kidole gumba. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika. Jioni, kabla ya kumrudishia mteja gari lake, baba alilala chini na kupitisha kidole kwenye mistari yote, mmoja mmoja, kama mama anayehesabu vidole vya mtoto mchanga.

Watu wakaanza kuniita Dada Kucha. Kucha zangu mwenyewe hazijawahi kupakwa rangi. Zilikuwa nyeusi kwa grisi.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka thelathini. Mume niliwahi kupata, akaondoka. Hiyo ni habari nyingine na haina uzito hapa. Kaka aliacha kazi yake ya ukarani, akaja kukaa kwenye meza ya gereji. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwambia fundi rangi aandike ukutani, kwa herufi kubwa za bluu, "Usipoziba ufa utajenga ukuta". La pili, akaleta kadi za kazi. Kila gari lina kadi, na aliyelitengeneza anaweka sahihi. Mimi nilikuwa sijui kusoma wala kuandika. Sahihi akaweka yeye. Ya kwangu ilikuwa kule chini, kwenye nati, na haikunisumbua. Ilikwenda hivyo miaka kumi na miwili.

Halafu akaja mkunga.

Alikuwa na gari dogo la zamani, la milango mitano, lile ambalo mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Lilikuwa la kijani, limepauka mgongoni, na humo nyuma alibeba mabeseni, glavu na blanketi mbili. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mikono midogo kama ya msichana.

"Breki ya mkono haishiki," alisema. "Juzi niko ndani nazalisha, gari limeteremka lenyewe kwenda kumsalimia jirani."

"Lilifika?" nikamuuliza.

"Lilifika. Liliangusha pipa la maji likaingia mpaka uani. Bila hodi!"

Kaka akacheka, akamwambia breki za nyuma za ngoma zimechoka, afadhali awekewe za diski kama za mbele. Hilo lilikuwa shauri zuri, sitalikataa kwa sababu limetoka kwake. Nilikwenda mwenyewe kwa wauza magari mabovu, nikapata gari la ukoo uleule, lile lenye injini kubwa ambalo kiwandani liliwekewa diski nyuma. Nikafungua ekseli yake nzima, na kalipa zake zinazobana diski, na kebo zake za breki ya mkono. Diski nikanunua mpya, pedi mpya, na paipu za breki nikapinda mpya, maana za zamani zilikuwa zimeliwa zikawa nyembamba kama mrija.

Nilipoishusha ekseli ya zamani, nikagonga pale inaposhikana na sakafu ya gari, mbele kidogo ya tairi. Kushoto, pwa. Kulia, pwa. Nikachokonoa kushoto kwa bisibisi, ikaingia mpaka mpini.

Kushoto nikakata kwa grainda mpaka nikafika kwenye chuma cheupe. Nikachonga bati nene, nikalichomelea pande zote, nikapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mara mbili. Ilikuwa siku ya tatu ya kazi. Nikaipandisha ekseli ya diski, nikaifunga kwa muda, na kulia nikaifunga pia ili gari lisimame. Nilikaza kwa kipimo kama kawaida, na nikachora mistari kama kawaida. Hata kama nati utaifungua kesho, leo unaikaza. Ndivyo nilivyofundishwa.

Nikaenda mezani kwa kaka.

"Kulia kumeoza. Nahitaji siku tatu."

"Nimemwahidi Ijumaa."

"Mwambie Jumapili."

"Wewe dada, ungeachiwa wewe gereji hii, magari yangezeekea humu humu." Akafunga kadi. "Kesho mpeleke mama hospitali, ule mguu umevimba tena. Gari niachie mimi."

Hakuwahi kunikumbusha mguu wa mama hata siku moja kabla ya hapo. Nilimpeleka mama. Tulikaa kwenye benchi siku mbili, namba yetu ikapita, tukapewa nyingine. Niliporudi Jumamosi, gari halikuwepo.

"Kulia nani amechomelea?" nikauliza.

"Tumemaliza."

"Nani?"

"Nimesema tumemaliza."

Kwenye gereji ile mwenye kuchomelea bodi nilikuwa mimi peke yangu. Nililijua hilo, na nilikwenda kunawa mikono. Hiyo ndiyo sehemu yangu, naisema kabla mtu mwingine hajanisemea.

Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba breki nzuri inavuta. Zile ngoma zake za zamani zilikuwa zinabembeleza tu, na chuma kibovu kingeweza kuvumilia hata mwaka mzima. Diski hazibembelezi. Wiki ya tatu mkunga alikuwa anateremka kwa mgonjwa, mbuzi akakatiza, akakanyaga breki. Upande wa kulia ukang'oka kwenye sakafu, ekseli ikaenda upande, gari likazunguka na kupiga ukuta wa duka. Mbuzi hakuumia. Mkunga alivunjika mkono wa kulia mahali pawili, na gari likavutwa kurudishwa gereji.

Alikuja gereji siku ya kumi, mkono umefungwa plasta. Walikuwepo: yeye mkunga, fundi rangi, fundi umeme, mlinzi, wateja wawili waliokuwa wanasubiri magari yao, wifi yangu, yaani mke wa kaka, aliyekuja na chakula, na mama, ambaye nilikuwa nimemkalisha kivulini akinisubiri tuondoke. Watu wanane. Nimewahesabu mara nyingi sana.

"Mmenifanyia nini nyie?" mkunga akauliza. Hakupiga kelele. "Nataka kujua tu. Mmenifanyia nini?"

Kaka akasimama. Akanitazama mimi, halafu akatazama meza.

"Nisamehe, mama mkunga. Ni dada yangu huyu. Aliacha bolti bila kuikaza. Kosa langu ni kumwamini. Hajui kusoma, kipimo angekijuaje?"

Wifi akadakia, "Nilisema mimi. Kazi ya kichwa ukimpa mwenye mikono tu, ndiyo hayo."

Kipimo cha nati ile nakijua tangu nina miaka kumi na miwili. Tarakimu najua zote. Baba alinifundisha kwenye spana. Maneno hayo yalikuwa mdomoni. Fundi rangi alikuwa anasugua kopo ambalo lilikuwa safi tayari. Mama akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti chake, akanishika kifundo cha mkono, akakibana. Akasema kwa sauti ndogo, "Nyamaza, mwanangu. Ukimvua kaka yako nguo, sote tuko uchi."

Nikanyamaza. Ukutani palikuwa na mikanda ya feni imening'inizwa kwenye msumari. Nikaihesabu. Ilikuwa kumi na moja.

Sikufukuzwa. Nilikuwa nakuja asubuhi, na wateja wanasema, "Langu asiguse yule dada." Wiki mbili hivyo. Siku moja sikwenda, na hakuna aliyekuja kuniuliza.

Nyumbani nina ua mdogo na mashine ya kuchomelea ya baba. Nikaanza kutengeneza vitanda vya chuma na vyuma vya madirisha. Kitanda hakina breki. Nilikuwa naamka, nachomelea, nakula, nalala. Watu wakinisalimia naitikia. Jioni niliingia darasa la watu wazima, nikajifunza herufi, si kwa hasira wala kwa furaha. Kulikuwa na nafasi. Jirani aliniuliza kama nina huzuni. Nikamwambia hapana, na ilikuwa kweli. Ukikaa juu ya mguu muda mrefu hauumi. Unakuwa kama wa mtu mwingine.

Miezi minane ikapita hivyo. Asubuhi moja nikasikia honi. Mkunga alikuwa mlangoni, na nyuma yake lile gari la kijani, limevutwa kwa kamba na gari la mizigo, tairi la nyuma limelala upande.

"Hodi. Sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja kuuliza jambo moja. Kaka yako nilimwomba anionyeshe hiyo bolti. Mara ya kwanza akasema ilianguka barabarani. Mara ya pili akasema ameihifadhi kabatini. Mara ya tatu akasema aliitupa. Sasa mimi nimezalisha watoto wengi, sijaona mmoja aliyezaliwa na baba watatu. Uliacha bolti?"

"Hapana."

"Mbona ulinyamaza?"

Nikaleta jeki na stendi, nikalinyanyua gari, nikatandika gunia. Akalala chini pamoja nami, kwa tabu, akiguna, mkono wa kulia ameuweka tumboni. Ulikuwa hauna plasta tena, lakini vidole viwili vilikuwa havifungi.

Bolti ya kulia ilikuwepo. Haikuanguka popote. Ilikuwa bado imekamata mkono wa ekseli, na imekumbatia kipande cha sakafu ya gari kilichochanika pamoja nayo, kama mtu aliyevutwa akabaki na shati la mwenzake mkononi. Kaka alikuwa amelifunika gari turubai miezi yote ile, na mimi sikuwahi kwenda kulifunua.

"Toa kidole gumba," nikamwambia. "Kushoto. Pitisha ukucha hapa."

Akapitisha. Akarudia. Nilimwona akifumba macho. Kumbe na yeye kazi yake ni kuona kwa vidole.

"Kuna mstari," akasema. "Kama kovu. Unatoka huku unakwenda huku."

"Umekatika?"

"Haujakatika."

"Basi nati haijasogea tangu siku nilipoikaza."

Nikageuza bisibisi, nikagonga pembeni ya pale palipochanika. Pwa. Nikabandua rangi nyeusi iliyopakwa juu, na chini yake ikatoka pati, ile ya kuzibia mabonde madogo ya milango, nene kama kipande cha mkate. Ndani ya pati kulikuwa na gazeti lililokunjwa, kujazia. Nikalitoa. Sasa najua kusoma, nikasoma tarehe. Ilikuwa ya Alhamisi ile, siku niliyokuwa na mama kwenye benchi.

Mkunga akakigusa kile kipande cha pati. Halafu akasema, "Mficha uchi hazai. Nawaambia kila siku wanawake, kumbe ningeanza na mafundi." Akacheka kidogo, cheko likaishia njiani. "Litengeneze. Unilipishe unavyotaka. Halafu tutaliendesha mimi na wewe mpaka pale."

Nilichukua siku tisa. Kulia nikakata mpaka chuma kizima, nikaenda mbele zaidi kwenye kizingiti cha mlango ambako kutu ilikuwa imeanza kutambaa, nikaweka bati jipya, nikachomelea kidogo kidogo nikiacha kipoe, ili bati lisijikunje. Rangi nyekundu mara mbili, nyeusi juu yake. Ekseli haikupinda, ila kalipa moja ilikuwa imepata ufa, nikatafuta nyingine. Nikabadilisha mafuta ya breki na kutoa hewa. Mkunga alikuwa anakaa kwenye usukani anakanyaga pedali nikimwambia, na alikuwa ananiambia mimi "sukuma, sukuma" kwa mzaha. Nilikuwa nacheka kwa sababu yeye anacheka. Ndani kulikuwa kimya.

Siku ya tisa nikachora mistari. Yeye akalala chini, akaipitia yote.

Tukaenda gereji saa nne asubuhi. Kaka alikuwa mezani. Mkunga akaweka mbele yake pati, gazeti, na kile kipande cha sakafu ambacho bolti yangu ilikuwa imekikumbatia.

"Nimekuja kusikiliza," akasema.

Kaka akatazama vile vitu. Fundi umeme alikuwa kwenye boneti la gari, mgongo umetulia. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi, hawakuwa wale.

"Tuongee ofisini," kaka akasema.

Ofisi ni kijichumba chenye mlango wa bati. Akaufunga. Akasema, akitazama kalenda, "Ni kweli. Ilikuwa pati. Nilitaka kuwahi Ijumaa. Dada, nisamehe."

Yalikuwa maneno niliyoyasubiri miezi minane. Nikayapokea kama mtu anayepokea chenji. Ni mkunga aliyejibu:

"Hukumsemea ofisini. Ulimsemea pale nje, mlango wazi."

"Nitasema. Nipe muda. Nina wateja, nina watoto wanasoma. Nitawakusanya, nitasema."

Tulipotoka nikampita fundi rangi. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Mimi napaka, Dada Kucha," akasema. "Nikiambiwa paka, napaka."

Kuanzia siku hiyo umepita mwaka na miezi minne. Mkunga anaendesha gari lake, na kila baada ya miezi mitatu analileta nilikague. Chuma kinajibu "ngo" pande zote. Vidole vyake viwili havitafunga tena. Anazalisha kwa mkono wa kushoto, na ule mgonjwa anautumia kushikilia blanketi. Wateja wachache wamenifuata nyumbani kwa maneno yake. Gereji sijarudi.

Mama nilimweleza yote. Alisikiliza, akavuta kanga yake vizuri, akasema, "Si amekwisha kukuomba msamaha? Unataka alie?"

Sitaki alie. Mimi mwenyewe sijalia. Nataka lile alilolisema mbele ya watu wanane alifute mbele ya watu walewale, amesimama palepale, chini ya maandishi yake ya bluu. Mkunga anajua, mama anajua, fundi rangi alijua siku zote, lakini hao nao hajawaambia hadharani. Wateja wale wawili najua wanakokaa, nimempa kaka maelekezo. Fundi umeme yupo palepale kila siku. Wifi analala naye kitanda kimoja.

Mlinzi alifariki mwezi uliopita. Alikuwa mzee mpole, alikuwa ananiwekea kiti. Nilikwenda kumzika, na kaka naye alikuwepo, tukasimama upande mmoja wa kaburi. Yule amekwenda akiamini kwamba niliacha bolti. Kwake kaka hawezi kulipa tena.

Wamebaki saba. Kaka yangu namdai neno moja mbele ya hao saba. Na mama namdai lile alilolibana kwenye kifundo changu nisiliseme.